Ukoko wa Mpishi wa Mjerumani

Pale Lindi, nyuma ya soko, mzee mmoja alifungua hoteli akawa anauza chakula cha Kijerumani kwa bei ya watu wa chini. Wakati huo anatawala Mwingereza, na Mjerumani tulidhani tumeshamzika. Lakini watu wazima wa mtaa wetu wa Rasbura, na kanzu zao safi, walikuwa wakitoka sala ya Ijumaa wanakwenda pale kula kabichi iliyochachushwa kwenye pipa la chumvi mpaka ikanuka, kisha wanarudi mtaani wakijisifu kwamba wameshika uma.

Mimi sikwenda kwa ajili ya kabichi. Nilimfuata mpishi. Wakati wa vita mimi na mdogo wangu tulikuwa wapagazi wa Wajerumani, na mzee huyo ndiye aliyekuwa akimpikia afisa wetu. Waingereza walipotukimbiza huku upande wa Rondo, sisi tulikula mizizi, yeye alipika wali kila siku. Siku moja mdogo wangu, miguu imeshavimba kwa njaa, akamwomba ukoko uliobaki chini ya sufuria. Mpishi akaukwangua wote, akaumwaga mtoni, sisi tunatazama. Siku ya pili yake nilimfukia mdogo wangu kando ya njia, bila sanda. Tangu hapo nilitaka jambo moja tu: mtu yule akiri mbele ya watu.

Aliyenipeleka ni shemeji yangu, mchuuzi wa samaki wa Sudi, naye hakujua lolote. Akamwamkia mzee shikamoo, mzee akaitika marahaba kama mtu aliyezoea kuheshimiwa. Mimi sikumwamkia. Shemeji akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikauvuta mguu wangu.

Likaja birika la kunawia. Mimi sikunawa, maana kwetu huwezi kuanika aibu ya mtu na mchuzi wake ungali mkononi mwako. Wenzangu wote walinawa, halafu wakashika uma. Sijui walinawa ya nini.

Chakula chenyewe kilikuwa nyama iliyolowekwa kwenye siki, ile kabichi, na viazi vitamu vilivyopondwa, kwa sababu viazi vya Mjerumani Lindi havipatikani. Jamaa mmoja meza ya pili akasema kumbe kabichi hii ndiyo iliyomshinda Mjerumani vita. Wakacheka, na mpishi akacheka nao, hana haya.

Akaja kuniuliza mbona sili.

"Nataka ukoko," nikamwambia.

"Ukoko hatuuzi, bwana. Tunawapa kuku."

"Zamani ulikuwa unaumwaga mtoni."

Watu wa meza za jirani wakageuka. Nikayasema yote, mto, sufuria, miguu ya mdogo wangu, na kanzu yangu shemeji anaivuta. Nilichoogopa ni kitu kimoja, asije akasema hakumbuki.

"Yule aliyevimba miguu," akasema taratibu. "Niliamriwa mpagazi nisimpe kitu."

"Bwana wako alikuwa amelala."

"Alikuwa amelala, kweli." Akafuta mikono kwenye aproni yake. "Lakini yule alikuwa wa kufa tu. Ningempa, ukoko ungepotea bure."

"Ukaumwaga."

Mzee akarudi jikoni kwake.

Basi nilichokitaka miaka yote nilikipata, na mashahidi walikuwapo hotelini tele. Nikakaa nikingoja mtu asukume sahani yake. Mwalimu wa chuo, aliyewasomesha Kurani watoto wa nusu ya mtaa wetu, akafuta ndevu na kuagiza mchuzi zaidi. Yule wa mzaha wa kabichi aliinamia sahani yake akawa anatafuna. Hao ndio watu niliotaka wasikie. Walisikia vizuri sana.

Nikainuka. Shemeji hakuinua uso.

"Kama huli, shemeji," akasema, "nisogezee sahani."