Programu Mbili kwenye Kompyuta ya Kipili

Sikusomea kompyuta. Nilikuja Sumbawanga kutoka Mbeya nikiwa mtunza kumbukumbu, na kazi yangu katika shirika letu dogo la afya ya wajawazito ilikuwa kupanga mafaili. Lakini fundi wetu wa kompyuta alipopata kazi Dodoma, daktari aliyekuwa mkuu wetu alitutazama mmoja mmoja pale mezani, macho yake yakatua kwangu. Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimetoa karatasi iliyokwama ndani ya printa. Sifa yangu ilikuwa hiyo tu.

Fundi aliniachia daftari la maneno ya siri na maelezo ya dakika kumi. Kompyuta zetu zilikuwa za zamani, tulizipokea zikiwa zimeshatumika na watu wengine, naye alikuwa ameziwekea Linux badala ya Windows. Alisema ni nyepesi, na virusi vya flashi vilikuwa vimemchosha. Nikaitikia kila alichosema. Alipoondoka nikagundua kwamba nilichokielewa ni mahali pa kuwashia.

Miezi kadhaa ilipita salama. Kisha nikafanya kosa ambalo hata leo nikilikumbuka nasikia joto masikioni.

Wakati ule muuguzi wa zahanati tuliyoshirikiana nayo Kipili, kule ziwani, alikuwa akipiga picha kadi za wajawazito wenye matatizo na kunitumia kwenye simu, nami nazipeleka kwa daktari. Asubuhi moja nikiwa nakunywa chai nilipokea kadi ya mama mmoja, nikabonyeza, nikaituma. Sikuituma kwa daktari. Niliituma kwenye kundi la kwaya yetu. Niliifuta baada ya dakika chache, lakini mle kwenye kundi alikuwamo wifi wa yule mama, na kadi ilikuwa imeandikwa habari ya mimba iliyoharibika kabla hajaolewa.

Yule mama mwenye kadi alipopanda kuja mjini kliniki, alipitia ofisini. Nilimtarajia apige kelele. Alikaa, akaweka mkoba wake magotini, akaniuliza, "Ni wewe uliyetuma?"

"Ni mimi, dada. Naomba unisamehe."

"Mume wangu nilikuwa nimwambie mwenyewe," akasema. "Nilikuwa natafuta siku."

Akachukua mkoba wake, akainuka. Alipotoka, daktari aliniita ofisini kwake akafunga mlango, nikajua nimefukuzwa. Akasema, "Kadi zisipite tena kwenye simu ya mtu. Tafuta njia muuguzi aandike kule, mimi nisome hapa, na katikati pasiwe na mtu. Una wiki mbili."

Hapo ndipo mkanganyiko wangu ulipoanza.

Nilimpigia fundi Dodoma. Akacheka kwa upole. "Dada, hiyo ni VPN tu. Ni kama kuchimba njia yenu wenyewe ndani ya mtandao wa watu. Wanaopita nje hawaoni kilichomo. Weka WireGuard. Nyepesi, funguo mbili, umemaliza. Poa?"

"Poa," nikasema, ingawa haikuwa poa.

Jioni ile nikakutana na mwalimu wa kompyuta wa sekondari moja hapa mjini, tunayesali naye. Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Tumia OpenVPN. Imekomaa, ina vyeti vyake, watu wameizoea. Hiyo nyingine utapata shida."

Nikarudi kusoma. Kila nilipofungua ukurasa mmoja nilikuta mambo mengine matatu ambayo sikujua kwamba nilipaswa kuyachagua. Nilidhani nachagua njia ya siri tu. Kumbe kwenye Linux kuna pia programu inayosimamia mtandao wenyewe: ndiyo inayoiamsha modemu, kile kifaa cha kuletea intaneti, kuipa anwani, na kuifungua ile njia ya siri. Na hizo nazo ni nyingi. Kulikuwa na NetworkManager, ile yenye alama pembeni mwa kioo, unabonyeza na kuchagua. Kulikuwa na networkd, isiyo na alama yoyote, unaandika faili na kuiacha ifanye kazi kimya. Wengine walisema ya kwanza ni ya kompyuta za watu na ya pili ni ya seva, zile kompyuta zinazohudumia nyingine. Wengine wakasema huo ni upuuzi, tumia yoyote. Watu wawili niliosoma majibizano yao walitukanana hadi sikujua swali la mwanzo lilikuwa nini.

Nilichukua karatasi ya daftari, nikapiga mistari, nikaandika majina ya programu upande mmoja na uzuri na ubaya upande wa pili. Baada ya siku nne kila programu ilikuwa na uzuri uleule na ubaya uleule. Nikampelekea daktari ile karatasi. Aliitazama muda mrefu.

"Sasa wewe unachagua ipi?"

"Ndiyo ninayotaka kukuuliza, daktari."

"Mimi nazalisha wanawake," akasema, akanirudishia.

Mwisho nilichagua WireGuard kwa sababu ambayo haikuwa ya kitaalamu hata kidogo: maelezo yake yalikuwa mafupi. Nilishuka Kipili, nikafunga kompyuta katika chumba cha muuguzi, nikachomeka modemu yenye laini ya simu, nikabonyeza ile alama ya NetworkManager, na njia ikafunguka mara ya kwanza tu. Muuguzi aliandika jina la kujaribia, nikampigia daktari, akasema amelisoma. Nilirudi Sumbawanga nikiwa nimenyooka mgongo.

Ningeliacha hivyo, nisingekuwa na cha kusimulia.

Lakini mwalimu aliponiuliza nimetumia nini, nikamwambia, akakunja uso. Akasema kompyuta isiyo na mtu wa kuiangalia haifai kuachiwa programu ya kubonyezabonyeza, niiwekee networkd. Hilo lilinikaa kichwani. Nikawaza, kama zote mbili ni nzuri, si bora ziwepo zote, moja ikilala nyingine iamke? Kwa hiyo nikiwa mezani kwangu, kwa kupitia njia ileile ya siri, niliingia kwenye kompyuta ya Kipili na kuiwasha networkd juu ya ile nyingine.

Kesho yake simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa Kipili, mama mtu mzima wa pale pale mwambao, mwenye sauti ya kutulia.

"Mwanangu, imekuja."

"Nini, mama?"

"Mtandao. Ulikuwa umeondoka." Nikasikia kiti kikivutwa. "Umeondoka tena."

Siku mbili tuliishi hivyo. Unakuja, unaondoka. Nilimpigia fundi, hakupokea. Nilisoma, nikabadilisha hili, nikaongeza lile. Siku ya tatu, nikiwa nimechoka, nikaamua kuizima NetworkManager. Niliandika amri, nikabonyeza, na mstari kwenye kioo changu ukaganda. Nilingoja. Nikabonyeza tena. Ilinichukua muda mrefu kuelewa nilichofanya: programu niliyoizima ndiyo iliyokuwa imeshikilia njia niliyokuwa nimepitia kuingia. Nilikuwa nimejifungia nje, nami niko Sumbawanga na kompyuta iko Kipili.

Nikamwambia daktari ukweli. Hakukasirika, na hilo likaniumiza zaidi. "Nenda," akasema.

Nilitoka mjini nimevaa sweta na kitenge juu yake, kwa kuwa upepo wa uwanda wetu wa juu una baridi asubuhi, na nilipofika chini ziwani kwenye joto nilikuwa nimevibeba vyote mkononi. Muuguzi alikuwa akimpima mama mmoja. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Pole na safari. Hujala." Hakuwa ananiuliza. Alimaliza kupima, akaniletea ugali na mgebuka, samaki wa ziwa lile, akakaa karibu yangu kunitazama nikiifungua kompyuta.

Niliiwasha tena NetworkManager. Mtandao ukaja, ukaondoka. Nilifungua ile kumbukumbu ambamo kompyuta huandika yote inayoyafanya. Maneno yalikuwa yakipita kwa kasi. Moja inasema imeipa modemu anwani. Nyingine inasema imeipa modemu anwani. Ya kwanza inasema anwani imebadilika, inaanza upya. Kisha ya pili.

"Zinasemaje?" muuguzi akauliza.

"Sielewi vizuri, mama. Kuna programu mbili. Kila moja inaifungua modemu, halafu nyingine inaifungua upya."

"Kwa nini mbili?"

"Niliziweka mimi. Nilidhani zitasaidiana."

Akafikiri. "Hapa waliwahi kutuletea wakuu wa zahanati wawili kwa pamoja, barua zilipishana. Mmoja anasema chanjo Jumanne, mwingine anasema Alhamisi. Akina mama wakaacha kuja kabisa. Walikuwa watu wazuri wote wawili." Akainuka kumwitikia mgonjwa mlangoni. "Mwambie mmoja aende."

Nilibaki nimeitazama kompyuta. Alichosema kilikuwa rahisi, lakini bado sikujua aende yupi. Mwalimu alikuwa na sababu zake na fundi ana zake, na mimi nina karatasi yenye mistari. Basi nikaizima networkd na kuiacha ile yenye alama, kwa kuwa muuguzi aliweza kuiona. Kama ikikatika, angeweza kuniambia kwa simu inaonyesha nini. Nyingine isingemwonyesha kitu. Hiyo ndiyo sababu pekee niliyowahi kuwa nayo yenye mtu ndani yake.

Mtandao haukurudi. Nikachomoa modemu nikaichomeka tundu jingine. Kimya. Nikafungua faili ya funguo, nikaona nafasi moja tupu mwishoni mwa mstari, nikaifuta bila kujua kama ina maana yoyote. Kisha nikaizima kompyuta kabisa, nikahesabu hadi thelathini, nikaiwasha.

Njia ikafunguka. Haikukatika saa ile, wala saa iliyofuata. Muuguzi akapiga makofi mara moja, kama anayefukuza kuku, akarudi kwa wagonjwa wake. Mimi nilikaa pale nikiitazama kwa mashaka, nikingoja iondoke.

Kama wiki tatu baadaye nilikuwa kwenye mafaili yangu mchana, daktari akaingia bila kubisha. "Njoo usome hii na mimi." Kwenye kioo kulikuwa na kadi kutoka Kipili: mimba ya miezi minane, presha iko juu sana, miguu imevimba, macho yanaona ukungu. Muuguzi alikuwa ameandika yote, hadi dawa aliyompa na saa aliyompa, na kwamba gari limeshaondoka naye. Daktari alisoma mara mbili, akaenda kwenye simu. Gari lilipofika hospitali ya mjini jioni, chumba cha upasuaji kilikuwa tayari na damu ya kundi lake ilikuwa imeshapatikana. Nilimwona mgonjwa akishushwa. Hakuwa na nguvu ya kuzungumza, na aliyemsindikiza alipoanza kueleza habari zake pale mlangoni, daktari alimgusa bega akamwambia, "Tunazo, mama. Tunazo zote."

Mtoto alikuwa wa kike, mdogo sana, na mama yake alipona. Nilikwenda kuwaona siku ya tatu. Hakunijua, wala hapakuwa na sababu ya kunijua. Nilisimama kidogo pale kitandani, nikasema hongera, nikatoka. Njiani nilikuwa nataka kulia na sijui kwa nini, kwa kuwa mambo yalikuwa yamekwenda vizuri.

Baada ya hapo daktari alitaka zahanati ya Kabwe, kijiji kingine cha mwambao, nayo iunganishwe. Safari hii fundi alipokea simu yangu, nikamsimulia yote: programu niliyoizima, tundu la modemu, ile nafasi tupu, kuzima na kuwasha. Nikamwuliza ni kipi hasa kilichoponya.

"Cha kwanza, dada. Vingine havihusu."

Mwalimu naye nikamwuliza. Akasema ilikuwa ile nafasi kwenye faili, bila shaka yoyote.

Kule Kabwe nilifanya yote manne, kwa mpangilio uleule, pamoja na kuhesabu hadi thelathini. Sikuthubutu kuacha hata moja. Kompyuta ikaunganika. Mhudumu wa pale, mwanaume mpole aliyekuwa hajawahi kushika Linux, akaandika kadi ya kwanza, nayo ikafika Sumbawanga. Kisha akainama karibu na kioo, akaonyesha ile alama ya mtandao pembeni. Juu yake palikuwa na alama ndogo ya kuuliza.

"Hii inaniuliza nini?"

Niliitazama. Ya Kipili haikuwa nayo. "Kadi zinakwenda?" nikamwuliza.

"Zinakwenda."

"Basi iache iulize," nikamwambia, nikatoa daftari langu nikaiandika, ili nije nimwulize mtu.