Tembo wa Dhahabu Niliyemsugua kwa Majivu

Ngiiii. Ndivyo ilivyolia sarafu ile ilipodondoshwa juu ya jiwe la kusagia, nyumbani kwa bibi mmoja mjane kijijini kwetu Nkoma. Sauti nyembamba, ndefu, isiyotaka kuisha. Nilikuwa nimechuchumaa pale, nikaifuata kwa masikio mpaka nikaona duka langu, wateja wangu, na nyumba ya vioo madirishani. Darasa la saba linatosha kabisa kuona mambo hayo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara kwa kila mtu. Pamba iliyozoea mnunuzi mmoja anayelipa akijisikia, ghafla ikapata wanunuzi kibao, kila mmoja na mzani wake, na kila mzani na dini yake. Msimu huo nilivuna kishamba nilichopewa na baba, nikalipwa taslimu. Fedha ile ilikuwa na kazi moja tu, kununua cherehani. Shangazi yangu, niliyekaa naye Bariadi mjini nikimsaidia kwenye mgahawa wake, alishanitengea kona ya kuiweka, pale penye mwanga.

Basi akaja mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Mwanza, akapanga gesti ya jirani, akawa anakunywa chai kwetu kila asubuhi. Alikuwa mtu wa siri kubwa, na siri zake alizisema kwa sauti ya kusikika hadi stendi. Alisema zipo sarafu za dhahabu zilizopigwa Tabora wakati wa vita vya Mjerumani, zina tembo upande mmoja, na huko vijijini watu wanazo na hawajui wana nini. Mwenye kuipata iliyo nzima anaiuza bei ya ng'ombe wa kutosha kuolea. Mimi nilikuwa namimina chai. Nikamimina mpaka ikajaa kwenye kisosi.

Tembo huyo nilimjua. Alikaa kwenye kifuko cha ngozi shingoni mwa yule bibi wa Nkoma, na kabla ya hapo shingoni mwa marehemu mumewe. Kwetu mzee akishakufa huambiwa habari za nyumbani kupitia kitu alichokivaa mpaka kufa: mvua imechelewa, mjukuu kazaliwa, ndama kapotea. Sisi wa kwaya ya kanisani tulijifanya hatuoni.

Nikaenda. Bibi alikuwa anataka mabati, maana nyasi za paa zilishachoka na mvua ilimfuata hadi kitandani. Nikamwambia mimi napenda tu mambo ya kale. Bei niliyoisikia kwenye chai sikuitaja. Ndilo soko huria hilo: mmoja anajua bei, mwingine anajua mvua inapovujia. Akaidondosha sarafu kwenye jiwe nijionee kwamba si bati, kisha akaigeukia na kuisemesha Kisukuma, taratibu, kama anayemuaga mumewe, kwamba anakwenda mjini na mtoto wa watu, asimsumbue. Nikampa fedha yangu yote ya pamba. Kwa bei ya mnunuzi ilikuwa bure. Kwangu ilikuwa cherehani nzima, kuanzia sindano hadi pedeli.

Sasa, sarafu ilikuwa imefubaa, ina weusi wa jasho la miaka mingi. Nami nimelelewa na mama Msukuma, ambaye kwake msichana asiyeweza kusugua sufuria mpaka ajione uso hana haja ya kuposwa. Nimpelekee mgeni wa Mwanza kitu kichafu? Nyuma ya jiko la shangazi nikachukua majivu, mchanga wa mtoni na gunzi la mahindi, nikasugua tangu chai ya asubuhi hadi wali wa mchana. Nilikuwa naimba. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba dhahabu ni laini. Tembo aling'aa kweli. Mkonga ulikwenda na maji ya kuoshea.

Mnunuzi aliiweka chini ya kioo chake cha kukuzia, akaigeuza na kuigeuza. Nilidhani anatafuta maneno ya kunishukuru.

"Binti, nani kafanya hivi?"

"Mimi mwenyewe. Nimeisafisha."

"Umemwogesha tembo mpaka kawa nguruwe."

Akanieleza, kwa upole wa mtu anayeeleza msiba, kwamba wanaozitafuta hununua huo uzee wenyewe, weusi na mistari yake. Hii yangu sasa ilikuwa kipande cha dhahabu tu, cha kupimwa uzito na kuyeyushwa pamoja na vingine. Akataja bei. Si ya ng'ombe, lakini ilitosha kurudisha fedha yangu. Shangazi akasema toka jikoni nichukue haraka kabla mgeni hajaamka usingizini, cherehani hiyo inarudi. Nami nilikuwa nimeshatikisa kichwa kukubali. Ndipo mnunuzi akatoa koleo aikate ukingoni, aone kama ni dhahabu hadi ndani.

"Usimkate," nikasema. "Huyo ni mume wa mtu."

Mgahawa mzima ukaangua kicheko. Mpaka leo shangazi akitaka kunikera huniita bi mdogo wa tembo. Niliichukua sarafu yangu mezani nikatoka, bila cherehani, bila ng'ombe, na aproni bado kiunoni.

Kesho yake nikaenda Nkoma kuirudisha. Paa la bibi lilikuwa limeshapigwa bati, linaumiza macho. Nikamweleza yote, hata ile bei niliyoificha. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mtoto wewe," alisema, "mambo ya kale umeanza kuyapenda lini? Nilijua una lako. Ila bati nililitaka."

Nikamnyooshea sarafu, bila kudai chochote. Hakuigusa.

"Nilishamuaga. Mtu akishaagwa harudi mlangoni akaomba kiti. Ni wako sasa, mjukuu wangu. Mwambie ya kwako."

Hivyo ndivyo nilivyowekeza. Wenzangu waliuza pamba wakanunua baiskeli na redio. Mimi nilijipatia mzee wa watu, marehemu, asiye na mkonga, wa kumpasha habari za mjini. Na cherehani nilijua itasubiri msimu mwingine, nami nikiwa na jembe mkononi.

Njiani, mashamba ya pamba huku na huku, nikakaa kando ya barabara kwenye kivuli cha mgunga. Hapakuwa na mtu. Nikatoa sarafu, nikatoa na kikopo changu cha mafuta ya mgando. Kwetu mtu haogeshwi akaachwa amepauka. Nikachovya kidole, nikampaka pande zote mbili, polepole, zaidi pale ulipokuwa mkonga.