Miaka tisa sikula kwa mkono wa mtu, mpaka nilipoingia hekalu la Wabudha Dar

Wakuu, heshima kwenu, na wakubwa wangu humu shikamooni.

Huwa nasoma tu napita. Leo naandika. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mtanivumilia kwenye maandishi. Kwenye ukweli sihitaji kuvumiliwa, yote haya yamenipata mimi.

Nina miaka hamsini na mbili, mtu wa Bukiriro, Ngara.

Niliwekewa sumu na kaka yangu wa tumbo moja. Anaitwa Anatory. Aliyeitafuta hiyo sumu ni mke wake, Skolastika. Wao hawakuona aibu kunifanyia, mimi nione aibu ya nini kuwataja?

Kisa ni shamba la migomba alilotuachia mzee.

Kwa wasiojua, kwetu mwenye pombe anaonja kwanza mbele yako ndipo anakukabidhi. Maana yake kunywa kwa amani. Anatory alionja. Nikamuona kabisa anameza. Akanipa kikombe huku kidole gumba kimezama ndani, na sumu ilikuwa chini ya ukucha.

Wiki tatu hospitali, natapika damu. Natoka, nusu ya shamba lishakuwa lao. Kesi haikufika popote.

Tangu hapo sikula kitu cha mkono wa mtu. Nyumbani nilijipikia. Safarini nilikula vyenye ganda: ndizi, karanga, yai nililochemsha mwenyewe. Mke wangu akipika nilikuwa namwaga. Mwaka wa pili akasema "mimi si mchawi", akarudi kwao. Sikumlaumu.

Akabaki binti yangu, Yustina. Yuko Dar, anapika kwenye hekalu moja la Wabudha lenye kituo cha meditation. Mwaka jana akapata mchumba, kijana wa Biharamulo. Akanipigia simu: "Baba, njoo ukae kwangu kidogo kabla wakwe hawajaja."

Nikapanda basi. Nyakanazi tukasimama, abiria wote wakashuka kula, nyama choma inanukia mpaka ndani. Mimi namenya yai langu.

Kufika Dar, Yustina kapika wali, maharage na samaki. Nikamwambia nimeshiba. Siku ya pili nimeshiba. Siku ya tatu akaweka sahani chini.

"Baba, wakwe wakija wataonja pombe wakupe. Ukikataa, umewaita wachawi mbele ya ukoo. Hapo ndoa hakuna."

"Nitasema naumwa."

"Unaumwa mdomo tu?"

Nikachukua ndizi yangu, nikamenya.

Kesho yake akanipeleka kazini kwake, eti nikapumzishe akili. Viatu nje, ndani kuna sanamu kubwa inang'aa. Mimi Mkatoliki, nikafanya ishara ya msalaba, hakuna aliyenisema. Tukaambiwa tukae chini, tufumbe macho, tufuatilie pumzi.

Niwe mkweli wakuu, wengine stress ziliwaisha pale. Mimi nilifumba macho nikamuona Anatory. Nusu saa nzima, mimi na Anatory.

Kilichonibadilisha ni chakula.

Pale kuna mtawa, mtu wa Sri Lanka, rika langu, kajifunga shuka la rangi ya machungwa. Kwa sheria yao hapiki. Hata chakula kikiwa mbele yake hakichukui, mpaka mtu amkabidhi mkononi. Na ikipita saa sita mchana hali tena hadi kesho.

Siku hiyo zilibaki dakika kama kumi. Yustina kashika sufuria ya moto, anapiga kelele: "Baba, mpe mtawa bakuli lake, muda unaisha!"

Nikalibeba. Kufika mbele yake nikasimama kama gogo. Kidole gumba changu kilikuwa ndani ya ukingo wa bakuli. Kucha zenyewe za mkulima, ndefu, zina udongo.

Nikawaza, huyu hanijui. Ningekuwa Anatory je?

Yeye hata hakutazama. Akapokea kwa mikono miwili, akala.

Nikamuuliza: "Huogopi sumu?"

"Mimi naogopa chumvi," akasema. "Binti yako, chumvi nyingi sana."

"Nimesikia!" Yustina akajibu kutoka jikoni.

Wakuu, mtu kavuka bahari, hana ndugu hapa, kila siku uhai wake uko kwenye sufuria ya mwanangu. Mimi niliyemzaa ndiye namuona muuaji. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Nikaingia jikoni. "Nipakulie."

Akanitazama. Akapakua, akachukua kijiko ili aonje kwanza kama tulivyozoea kwetu.

Nikamwambia, "Usionje, mwanangu. Lete."

Nikala. Chumvi ilikuwa nyingi kweli.

Niliporudi Bukiriro, wakwe wakaja. Mzee wao akaonja pombe, akanipa, nikamaliza kikombe. Vigelegele.

Anatory naye alikuwepo, si kaka mkubwa? Akaona hapo ndipo pa kujisafisha. Akachota, akaonja mbele ya watu. "Mdogo wangu, tuyamalize leo."

Nikamwambia, "Ya wageni nimekunywa. Yako kamwagie migomba uliyoniibia." Skolastika akainuka akaondoka, na yeye akamfuata. Sherehe ikaendelea, na Yustina sasa ni mke wa mtu.

Nilichojifunza: ubaya wa mtu mmoja niliugawa kwa watu wote, mke wangu akiwemo, na hilo ni kosa langu. Sasa nala kwa yeyote. Wawili tu nimewabakiza, na nimewabakiza kwa akili timamu.

Haya, uwanja ni wenu, semeni. Ila mnaokuja na "msamehe ndugu yako", nendeni kwanza Bukiriro mkale kwake. Mkirudi, tutaongea.