Siku Niliyopeleka Biskuti Columbus

Jamani, kuna aibu mtu anaizoea, na kuna ile ambayo hata ukiwa peke yako jikoni, miaka imeshapita, ukiikumbuka unafunika uso kwa kanga. Yangu ilinipata Columbus, huku Marekani, mezani kwa watu, mbele ya bata mzinga mzima, na chanzo chake ni biskuti. Ndiyo, biskuti. Chekeni tu, nimeshazoea.

Nilikuwa nimehamia Louisville si muda mrefu. Kabla ya hapo nilikaa Buffalo na mdogo wangu Bahati, tukifanya kazi kiwanda kimoja kule Tonawanda, mpaka theluji ikanishinda (Bahati yeye aliipenda, sijui ana damu gani), nikasikia Louisville baridi ni ya kiasi na kazi za kutunza wazee hazikosekani. Kazi nikapata. Watu ndio sikuwapata. Nilipanga chumba mtaa wa South End, zamu yangu ikianza alasiri, nikirudi majirani wamelala, nikiamka wameshatoka, na kuna wiki ilipita nzima kitu pekee kilichonitaja jina kilikuwa ile redio ya kazini tunayovaa kiunoni: "Furaha, njoo chumba cha mwisho."

Aliyenijali pale kazini ni Debi, mama wa makamo, mzaliwa wa Louisville, mtu wa kucheka mpaka machozi yamtoke. Siku moja tumekaa chumba cha mapumziko akaniuliza Thanksgiving, ile sikukuu yao ya kushukuru, nitakula wapi. Nikamwambia nyumbani. Akauliza, na nani? Nikajifanya natafuna.

"Basi unakuja na sisi Columbus, kwa binti yangu," akasema. Halafu akapunguza sauti, akaniambia kwamba mwaka ule ndio wa kwanza wanakaa mezani bila mama yake, amefariki, na mama yake ndiye aliyekuwa akioka biskuti, na bila biskuti baba yake haoni kama ni sikukuu. "Furaha, wewe unajua kuoka biskuti?"

Mnasikia swali hilo? Kuniuliza mimi! Mimi nimekulia kambini Kigoma baada ya kukimbia Kivu, na pale kambini mama mmoja wa kwaya alinifundisha kuoka biskuti za tangawizi ndani ya sufuria, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko. Na kwetu biskuti ilikuwa dawa. Ukiwa na malaria, chakula chote kinakataa, mama anakuletea biskuti mbili na chai ya maziwa, unachovya, unarudi duniani taratibu. Kwa hiyo Debi aliposema bila biskuti baba yake haoni sikukuu, nilimwelewa kabisa (nilidhani), tena nikaona Mungu amenitafutia mlango wa kuingilia kwa watu.

"Debi," nikamwambia, "hiyo niachie mimi."

Sikuuliza swali hata moja. Kifungua kinywa cha wazee wetu sijawahi kukiona, maana zamu yangu huanza alasiri, na Buffalo tulikula ugali na sombe, yaani kisamvu. Ningejulia wapi?

Tulifika Columbus siku moja kabla. Binti wa Debi na mumewe, Colin, walipanga karibu na chuo, kwa sababu Colin alikuwa mtafiti pale. Colin ni Mwingereza. Debi akiwa bado anamsaidia baba yake, mzee Roy, kushuka kwenye gari, mimi nikaingia na bati langu la biskuti, na Colin akalifunua, jamani, yule mtu nusura anikumbatie.

"Biskuti! Biskuti za kweli! Miaka yote nawaeleza watu hawa!"

"Hizo ni kuki," mkewe akasema, kwa lile jina lao la Kimarekani.

"Ni biskuti."

"Kuki, Colin."

Wakacheka, nami nikacheka nao, nikidhani ni utani wa mke na mume, kumbe hapo ndipo nilipokuwa naonywa. Nikajiambia, Kiingereza ni cha nani? Si cha huyu Mwingereza? Kama yeye amesema ni biskuti, basi ni biskuti. (Na yule binti, aliniambia baadaye, alidhani zile nimemletea kama zawadi, biskuti zenyewe ziko kwenye begi.)

Kesho yake Debi akapaza sauti toka chumba kingine, "Furaha, usisahau kuzipasha moto!" Nikashangaa, biskuti inapashwa? Lakini nchi ya watu ina mambo yake, nikazitia ovenini, zikakauka zaidi ya zilivyokuwa. Debi akanipa kikapu na kitambaa cheupe cha marehemu mama yake, nikazifunika vizuri, nikazipeleka mezani kama sadaka.

Tukasali. Debi akafuta macho, akasema, "Baba, mwaka huu biskuti zipo."

Mzee Roy ndiye wa kwanza kuchukua, ndio desturi yao. Macho yake hayaoni vizuri. Akaingiza mkono chini ya kitambaa, akatoa moja, akaimwagia mchuzi mzito wa bata mzinga (mchuzi! juu ya tangawizi!), mimi nikafungua mdomo kusema kitu, nisijue nianzie wapi, naye akauma.

Ilisikika kah! Nilidhani ni sahani imepasuka. Mzee akaingiza vidole mdomoni, akatoa meno yake ya bandia ya juu, vipande viwili, akaviweka ndani ya mchuzi, akavitazama. Colin, maskini, kicheko kikamponyoka, kimoja tu, akakimeza. Debi akafunua kitambaa.

"Furaha. Hizi ni nini?"

"Biskuti," nikasema, na sauti yangu sikuijua.

Laiti mzee angekasirika. Hakukasirika. Alishika ncha ya kile kitambaa cha mkewe, akaanza kulia, mdomo hauna meno, akimwita mkewe kwa jina mbele yetu sote.

Nilikimbilia bafuni, nikajifungia, nikampigia Bahati.

"Bahati, biskuti za hawa watu ni nini?"

"Bon, dada," akasema, Kifaransa cha Kongo hakimtoki, "ni mikate. Mikate midogo, laini kabisa, wanamwagia mchuzi. Donc wewe ulipeleka nini?"

Nikamwambia. Kisha nikamsikia anaiweka simu mezani ili acheke vizuri.

"Mbona hukuniambia?" nikamfokea.

"Dada," akasema, na sasa hacheki, "tangu uhame umenipigia mara ngapi?"

Nikakata simu. Ningetaka kuondoka, lakini nimekuja na gari la Debi, mji mzima simjui mtu. Nikatokea mlango wa nyuma, nikaketi kwenye ngazi bila koti. Baadaye Colin akanifuata na vikombe viwili vya chai ya maziwa.

"Nisamehe," akasema. "Mimi ndiye niliyekuponza."

Akanisimulia kwamba mwaka wake wa kwanza Marekani, Debi aliugua mafua akiwa mgeni wao, naye akampikia maharage ya kopo juu ya mkate wa kuchoma, kama mama yake alivyomfanyia utotoni. Wakadhani anamdhihaki mgonjwa. Mpaka leo kila sikukuu hadithi hiyo inarudiwa mezani, naye anacheka pamoja nao.

"Unazoea?" nikamuuliza.

"Kucheka, ndiyo," akasema. "Mengine bado."

Tukanywa chai. Mimi nilikuwa nalia, yeye akatazama upande mwingine, na hilo nilimshukuru.

Daktari wa meno hakupatikana sikukuu ile, mzee akaishi kwa viazi vya kuponda. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta jikoni peke yake, bati langu liko mbele yake, anachovya kwenye kahawa.

"Hii si biskuti," akaniambia kwa ule mdomo mtupu. "Lakini inalainika."

Akaniuliza nani alinifundisha. Nikamweleza habari za mkaa chini na mkaa juu, akasikiliza mpaka mwisho.

Njiani kurudi Louisville Debi alifungua redio. Aliniambia si kitu, akarudia tena si kitu, na mtu akikwambia hivyo mara nyingi unajua ni kitu. Hatukugombana. Ila mwaka uliofuata hakuniuliza nitakula wapi, nami nikaomba zamu siku ileile ya sikukuu, tena ya asubuhi, na ndipo kwa mara ya kwanza nilipoziona hizo biskuti zao zikitoka ovenini, nyeupe, zimeumuka. Nilikula moja nimesimama kwenye korido, wazee wengi wamekwenda kwa jamaa zao. Ni nzuri, siwezi kusema uongo. Ningependa kumwambia mtu kwamba ni nzuri.

Siku hizi mtu akiniambia nilete kitu, iwe pudini, iwe chipsi, hata chai (maana chai yao nayo huja na barafu), natoa simu yangu mfukoni, namwambia, nionyeshe picha kwanza. Wengine hucheka, wakidhani natania. Sitanii.