Simba wa Kitambaa cha Meza

Mama yangu mdogo, ambaye wote walimwita Bi Sindano, alishona Ikulu tangu enzi za gavana wa kikoloni. Kwetu hatukutoa waziri hata mmoja, ila hakuna waziri aliyekula pale bila kuegemeza kiwiko kwenye mshono wetu.

Wakubwa walikuja na kuondoka. Kitambaa cha meza kubwa kilibaki kile kile. Taji la gavana lilifumuliwa, ikashonwa nembo ya rais wa kwanza. Chumba cha ushonaji kilikuwa na desturi yake: nembo hushonwa kwa uzi uliolegea, ili siku ya kuifumua kitambaa kisichanike. Wa ghorofani hawakuambiwa.

Mwanajeshi alipompindua rais, mama mdogo akamshonea mwanajeshi huyo nembo yake ya simba vilevile, kwa uzi uliolegea. Mkono uliozoea haukiulizi kichwa.

Kwenye karamu ya kwanza, uma wa mkubwa huyo mpya ukanasa uzi. Akavuta. Simba akafumuka mkia, mguu, kichwa. Juzi yake tu mpishi alikuwa amechukuliwa kwa supu iliyozidi chumvi, na mkewe alikuwa bado anazunguka vituoni kumtafuta.

"Nani kashona hii?"

Mama mdogo akaletwa.

"Ni mimi, Mheshimiwa."

"Unaniombea niondoke, mama?"

"Hapana, baba. Ndivyo tunavyoshona humu. Kitambaa ni cha nyumba..."

"Malizia."

"...nembo ni ya anayekaa."

Mkubwa akasogeza sahani pembeni.

"Lete sindano. Shona hapa hapa nikuone. Na ukaze!"

Akashona ameinama mbele ya mawaziri, jasho likimdondokea simba. Kila mchomo, mkubwa alisema, "Kaza." Akakaza mpaka kitambaa kikakunjamana.

"Sasa huyu haondoki ng'o," akasema mkubwa. Wageni wakacheka kicheko cha woga. Mama mdogo alirudi nyumbani mzima, akaomba maji, akayanywa amesimama.

Miaka ikapita, naye mkubwa akaondolewa kama wenzake. Mama mdogo akaitwa kufumua. Alijaribu kwa wembe, kwa ncha ya sindano, uzi ukagoma. Kitambaa kikachanika katikati, tundu la kupitisha ngumi.

"Si alitaka nikaze?" aliniambia.

Tangu hapo wakubwa wanakula juu ya kiraka. Kiraka alikikaza barabara. Nembo mpya aliyoishona juu yake, aliilegeza.