Bassin ya Ng'ombe Uani Kwangu

Chekeni tu, nimeshazoea. Bassin ile, hodhi kubwa la chuma, niliinunua kwa mkulima aliyekuwa ananyweshea ng'ombe, nikaiweka uani kwangu hapa mtaa wa Ixelles, nikafuga kambale. Jumapili iliyopita pasta wetu akaiomba kwa ubatizo. Wa kwanza kuzamishwa: mama mkwe wangu, ambaye bado ananipima kama namfaa binti yake.

"Papa, samaki ulitoa yote?" pasta akaniuliza.

"Yote, pasta! Hata maji nilibadilisha."

Bon, uongo mtupu. Nilihamishia kwenye baignoire ya bafuni wale niliowaona tu, halafu nikamwaga ndoo moja ya maji safi juu.

Mama mkwe akazama, akaibuka anapiga kelele, anaruka, anajipiga mapaja. Waumini wakalipuka: "Alleluia! Roho ameshuka!" Mimi ndiye niliyepiga makofi kuliko wote.

"Hapana Roho!" akalia. "Iko kitu mu kikwembe yangu!"

Kambale mnene akadondoka kutoka kwenye kitenge chake, miguuni pa pasta. Mama mkwe akamtazama samaki, akanitazama mimi, akacheka mpaka akashika ukingo wa bassin.

"Pasta, samaki imeshabatizwa. Sasa leta mukwe yangu, huyu muongo."