Nilimzika Yeyo kwa Kiholanzi

Wasomaji wenzangu, nitoboe tu: nilimzika mama yangu mzazi akiwa hai, tena kwa sababu ya uvivu wa kusoma. Shetani msimsingizie, siku hiyo hakuwepo. Tulikuwa mimi na mdomo wangu.

Ilikuwa enzi za ruksa. Pale Arusha kampuni za utalii zilikuwa zinaota kama uyoga, na kila kijana aliyejua majina ya wanyama kwa Kiingereza alijiona mwongoza watalii. Mimi Kiingereza kilikuwa kinapanda kweli. Nikasikia kuna mama mmoja wa Kiholanzi amefungua kampuni Njiro, anatafuta mtu wa kuwatembeza Waholanzi wenzake kwa lugha yao. Nikasema kazi hiyo ni yangu!

Nikampata mwalimu, mzee mmoja wa Sokon One aliyewahi kusomea kilimo Uholanzi. Alinifundisha bure, kwa moyo wake tu. Wiki za mwanzo nilimfurahisha sana, maana Kiholanzi na Kiingereza ni ndugu. Nyumba, maji, mkate, vyote nilivibahatisha nikapatia. Kichwa kikavimba.

Tukafika kwenye vitenzi vya wakati uliopita. Balaa! Vingine vinafuata kanuni, vingine vinageuka tumbo zima, na Kiingereza changu kikanisindikiza kidogo kisha kikanitupa njiani.

"Vikariri, kijana wangu," mzee akaniambia. "Kimoja kimoja."

"Mzee, mtalii anakuja kumwona tembo wa leo," nikamjibu kwa jeuri. "Tembo wa jana wa nini?"

Mzee akacheka, akanipa angalau habari fupi kutoka kitabu chake cha zamani, ya bibi aliyeugua, akafa, akazikwa, watu wakalia. Hiyo niliikariri kama Baba Yetu. Ndiyo ilikuwa akiba yangu yote ya wakati uliopita.

Siku ya usaili yule mama Mholanzi akaniuliza habari za simba na twiga, nikatiririka. Kisha akatabasamu: hebu niambie, wiki iliyopita ulifanya nini?

Wiki iliyopita nilijenga banda la mbuzi kule nyumbani Oldonyo Sambu, kwa Yeyo, yaani mama yangu. Lakini kujenga kwa wakati uliopita sikukujua! Jasho likanitoka. Nikashtukia namwaga ile habari ya bibi, na mahali pa bibi naweka mama. Aliugua. Alikufa. Tulimzika. Tulilia. Bila kosa hata moja, jamani!

Yule mama akatoa leso, akafuta macho. Akanipa kazi papo hapo, na juu yake siku za kuomboleza. Ningeweza kusema ukweli pale pale. Nikasema asante.

Nikapanda kwa Yeyo kumpa habari ya kazi. Alifurahi mpaka akaita majirani, akapika loshoro, mahindi yetu ya maziwa ya mgando. Alikuwa amewauzia watu mbuzi wake mmoja mmoja ili mimi nisome, na siku zote hofu yake ilikuwa kwamba nitarudi kuchunga waliobaki.

Jumamosi tukiwa tunakula, Landrova ikaingia bomani. Mwenzenu nilikuwa nimesahau jambo ambalo hata mtoto wa kwetu analijua: mfanyakazi akifiwa, wenzake hawakai ofisini. Mholanzi hakuijua desturi hiyo, lakini dereva wake, Mchaga mmoja mtu wa watu, alikuwa amemfundisha. Walichangishana, wakaja na unga, sukari na blanketi jipya. Karani wa ofisi alishuka garini analia.

"Shikamoo mama," dereva akamwambia Yeyo, kofia mkononi. "Poleni sana na msiba."

"Marahaba. Msiba wa nani tena, baba?"

"Wa mama yake huyu kijana wetu."

Yeyo akashusha mwiko. "Mama yake huyu ni mimi."

Karani akafuta machozi haraka. Majirani wakaacha kutafuna. Mholanzi, ambaye hakuambulia neno, akanisogelea na maua yake, akaniuliza kitu kwa upole.

"Anasemaje?" Yeyo akauliza.

Nikatazama chini. "Anauliza kaburi lako liko wapi, Yeyo."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Aliyapokea yale maua, akayatazama, akaniambia, "Mwambie bado hujachimba."

Nikamwambia. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya wakati uliopita niliyoitunga mwenyewe, na nadhani niliipatia.

Kazi ikaishia hapo hapo uani. Dereva alipoanza kurudisha vitu garini, Yeyo akalishika blanketi. "Hili liacheni. Limeletwa kwa msiba wangu, ni langu." Akalifungia sandukuni. Nami nikaenda kuchunga wale mbuzi waliobaki, wa lile banda nililoshindwa kulisema.

Ninyi mnaojifunza lugha za watu, nawasihi, ukiulizwa usilolijua, sema hujui! Utaaibika kidogo, utarudi nyumbani, utamkuta mama yako. Mimi wangu nilimkosa.

Juzi nilikwenda tena kumwomba msamaha. Nilimkuta analianika lile blanketi juani, anapigapiga vumbi. Nikapiga magoti nyuma yake, nikasema yote kwa Kimaasai, nikarudia kwa Kiswahili. Hakugeuka.

"Marehemu hasikii," akasema, akaendelea kupiga vumbi.